Mwongozo wa Kuunda Ubia wa Taasisi katika Utafiti wa Teknolojia ya Ubongo na Vifaa Tiba

Maswali ya wanaoanza kazi hii hayabadiliki sana. Mhadhiri wa uhandisi anauliza atampata wapi daktari wa mishipa ya fahamu wa kufanya naye kazi. Daktari anauliza kama anaruhusiwa kutia saini mkataba uliotumwa na kampuni ya nje kwa barua pepe. Fundi wa vifaa tiba wa hospitali anauliza nani atanunua vipuri mradi ukiisha, na kijana aliyeunda kifaa chake mwenyewe anauliza amwonyeshe nani bila kuporwa wazo. Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Umeandikwa kwa ajili ya vyuo, hospitali na kampuni changa za Afrika Mashariki zinazotaka kushirikiana, zenyewe kwa zenyewe au na wenzao wa nje, katika kuunda na kutafiti vifaa vya kupima au kutibu ubongo.

Mfano nitakaoutumia mara kwa mara ni kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, kwa wagonjwa wa kifafa. Nimeuchagua kwa sababu haja yake iko wazi: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, kwamba karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kushikwa na kifafa iwapo wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Hata hivyo, hatua zilizomo humu zinafaa pia kwa kifaa cha picha za ubongo, mpira wa kupunguza maji kichwani, au kifaa kinachopandikizwa ili kuchochea neva.

Msimamo unaoongoza mwongozo wote ni huu: swali la nani atabaki na mgonjwa na kifaa baada ya fedha kuisha lijibiwe kwa maandishi kabla kifaa hakijagusa kichwa cha mtu yeyote. Mengine yote yanaweza kurekebishwa njiani, lakini hilo likiachwa mwanzoni ni vigumu sana kulirudia, kwa kuwa wakati huo mwenye fedha huwa ameshaondoka mezani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Maelezo ya tatizo yasiyozidi ukurasa mmoja, yenye takwimu zilizotoka katika rejesta ya hospitali mtakayofanyia kazi.
- Jina na cheo cha mtu mwenye mamlaka ya kutia saini katika kila taasisi. Katika chuo kikuu cha umma, kwa kawaida ni makamu mkuu wa chuo au aliyekaimishwa naye. Katika hospitali ni mkurugenzi au mganga mfawidhi. Mkuu wa idara si mtia saini, hata kama ndiye mwenye mradi.
- Mwanasheria wa taasisi aliyekubali kusoma rasimu, pamoja na mhasibu anayejua masharti ya fedha za wafadhili.
- Taarifa ya kweli kuhusu hali ya kifaa: je, ni mchoro, ni sampuli iliyofanya kazi mezani, kimejaribiwa kwa watu wazima wenye afya, au kimeshafika kwa wagonjwa? Usikipandishe ngazi ili kumvutia mbia. Atagundua, na kuanzia hapo atatilia shaka kila utakalosema.
- Maelezo ya mahali kitakapotumika: umeme hukatika mara ngapi, chumba kina waya wa ardhini au hakina, intaneti ina nguvu kiasi gani, na fundi wa vifaa tiba ana vifaa gani vya kupimia.
- Muda. Vibali na mikataba huchukua miezi, na mfadhili hatakuongezea muda kwa sababu hukujua hilo.

Hatua ya 1: Andika tatizo ukiwa hospitalini

Kaa na daktari, muuguzi na fundi, mfungue rejesta ya kliniki ya kifafa na kuhesabu. Ni wagonjwa wangapi walikuja katika miezi mitatu iliyopita? Wangapi waliandikiwa EEG? Walipelekwa mji gani, wangapi walifika kweli, na majibu yalirudi baada ya muda gani? Muuguzi ndiye atakayekwambia kwamba mama mmoja alirudi nyumbani bila kipimo kwa sababu nauli ilikuwa yake tu na haikutosha mtoto na mtu wa kumshika. Taarifa ya namna hiyo ndiyo inayoamua kama kifaa kinachohitajika ni mashine kubwa ya hospitali ya rufaa au kifaa kidogo kinachobebwa hadi kliniki ya wilaya.

Tahadhari: usianze na kifaa halafu ukatafuta tatizo la kukipa. Kosa hili huonekana haraka katika andiko, kwa sababu aya ya kwanza inasifu teknolojia na mgonjwa anatajwa ukurasa wa tatu.

Hatua ya 2: Chagua wabia kwa kazi watakayofanya

Kila ubia wa kifaa cha ubongo unahitaji kazi tano: kumhudumia mgonjwa, kubuni na kuhandisi, kuzalisha kwa ubora unaorudiwa, kugharamia, na kusimamia haki za watakaoshiriki. Andika jina la taasisi mbele ya kila kazi. Kama kazi moja haina jina, huo ndio mbia unaomtafuta sasa. Kama kazi moja ina majina matatu, mgogoro umeshaanza kabla ya kazi.

Mfano mzuri wa karibu uko Mbale, mashariki mwa Uganda, katika hospitali ya watoto ya CURE. Daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, Benjamin Warf, alikabiliwa na watoto wengi wenye kichwa maji na swali la vitendo: je, mpira wa kutolea maji uitwao Chhabra, unaotengenezwa India na uliogharimu takriban dola 35, unafaa sawa na ule wa Codman-Hakim wa dola 650? Utafiti wa watoto 195, uliochapishwa mwaka 2005, haukuona tofauti ya maana kati ya matokeo ya mipira hiyo miwili baada ya mwaka mmoja. Hospitali hiyo pia iliendeleza njia ya kutoboa tundu ndani ya ubongo kwa kamera ndogo na kuchoma tishu zinazotengeneza maji, ili mtoto asitegemee mpira unaoweza kuziba akiwa mbali na daktari wa upasuaji. Jaribio la watoto wachanga 100 lililolinganisha njia hiyo na mpira lilifanyika Mbale kwa ushirikiano na wataalamu wa Boston na Toronto, kwa fedha za Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, na matokeo ya miezi 12 ya kwanza yakachapishwa mwaka 2017. Swali lilizaliwa wodini, na wabia wa nje walikuja kulijibu pamoja na wenyeji. Ukipata mbia anayekuja na swali lake tayari na kukuomba wagonjwa tu, fikiri mara mbili.

Mwalike pia mwakilishi wa wagonjwa tangu mkutano wa kwanza, na umlipe nauli na posho kama wajumbe wengine wote.

Hatua ya 3: Linda siri na uvumbuzi kabla ya kuonyesha

Kabla ya kumwonyesha mbia mchoro wa saketi au programu, mtie saini mkataba wa usiri. Uwe mfupi: nani anapewa nini, kwa kusudi gani, kwa muda gani, na nini si siri. Mkataba wa usiri wenye kurasa nyingi kwa mazungumzo ya saa moja unaashiria kwamba mwanasheria wa upande wa pili ameweka ndani yake mambo yasiyohusu usiri, kwa hiyo usome wote.

Kama uvumbuzi unastahili hataza, yaani haki ya kipekee ya mvumbuzi inayotambuliwa na sheria, peleka maombi kabla ya kuutangaza popote. Bango la kongamano, video ya mtandaoni na tasnifu iliyowekwa maktabani vyote ni matangazo. Marekani humpa mvumbuzi muda wa mwaka mmoja baada ya kutangaza. Ulaya haimpi muda huo, na haki yake hupotea siku hiyohiyo. Maombi hupelekwa katika ofisi za usajili: BRELA kwa Tanzania Bara, KIPI kwa Kenya na URSB kwa Uganda, au kwa nchi kadhaa kwa pamoja kupitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la mali bunifu lililoko Harare. Ukishawasilisha maombi ya kwanza, una miezi 12 ya kuyapeleka nchi nyingine ukiwa na tarehe ileile ya kipaumbele, yaani ile ya maombi ya kwanza.

Hatua ya 4: Tenganisha hati ya makubaliano na mkataba wa utafiti

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Hati ya makubaliano hueleza nia ya taasisi mbili kufanya kazi pamoja. Mara nyingi haimfungi mtu kulipa wala kufanya jambo mahususi. Mkataba wa utafiti ndio unaotaja kazi, fedha, ratiba na wajibu. Msianze kazi ya kitabibu mkiwa na hati ya makubaliano peke yake, hata kama ilisainiwa mbele ya kamera na viongozi wakubwa.

Mkataba wa utafiti utaje kwa uchache mambo haya: mali ya akili ambayo kila mbia amekuja nayo, na mali itakayozaliwa ndani ya mradi, nani anamiliki data na nani anaruhusiwa kuitumia, nani ataandikwa mwandishi wa makala za kisayansi na kwa vigezo gani, nani anabeba bima ya mshiriki atakayeumia, kifaa kitakuwa mali ya nani siku ya mwisho, na sheria ya nchi gani itatumika mkigombana. Katika jambo la mali mpya, usikubali maneno "itajadiliwa baadaye". Baadaye kifaa kikiwa kimepata soko, hakuna atakayejadili kwa upole.

Huna haja ya kuandika kila kitu upya. Mpango wa Marekani wa utafiti wa ubongo, BRAIN Initiative, uliotangazwa mwaka 2013, una programu ya kuwaunganisha watafiti na kampuni zinazotengeneza vifaa vya kupandikizwa, na imeandaa vielelezo vya mikataba ili mazungumzo ya kila mradi yasianzie sifuri. Chukua muundo kutoka vielelezo kama hivyo, kisha mwanasheria wako aulinganishe na sheria za nchi yako.

Hatua ya 5: Andika kifungu cha baada ya mradi

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiivuke hata kama kila mtu mezani ana haraka.

Kampuni ya Second Sight ya Marekani ilitengeneza Argus II, kifaa kinachopandikizwa jichoni ili kuwarudishia wasioona kiasi fulani cha kuona. Kiliruhusiwa Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2013, na watu zaidi ya 350 duniani walipandikizwa. Mwaka 2019 kampuni ilianza kuachana na kifaa hicho, na mwaka 2020, fedha zilipokauka, ikapunguza wafanyakazi wake karibu wote. Watu walibaki na kifaa ndani ya miili yao bila uhakika wa vipuri, matengenezo wala mtaalamu wa kumpigia simu. Kifaa kilikuwa kimepita kila kibali kilichotakiwa. Kilichokosekana ni mtu aliyefungwa kisheria kubaki na mgonjwa.

Azimio la Helsinki la madaktari wa dunia kuhusu maadili ya utafiti linataka mipango ya huduma baada ya jaribio iwekwe kabla ya jaribio kuanza. Katika ubia wenu, mipango hiyo iwe kifungu kinachotaja mhusika, muda na chanzo cha fedha. Unaweza kuanza na maneno haya, kisha mwanasheria ayarekebishe:

"Mradi ukikamilika, ukisitishwa au mbia yeyote akijitoa, (a) Hospitali itaendelea kumhudumia kila mshiriki kwa kipindi kilichotajwa katika Jedwali la Kwanza, (b) Kampuni itatoa vipuri, programu na miongozo ya matengenezo kwa kipindi hichohicho, na ikishindwa itakabidhi michoro na programu kwa Chuo ili kifaa kiendelee kutengenezwa kwa ajili ya washiriki hao, (c) fedha za kazi hizi zitatengwa katika akaunti iliyotajwa katika Jedwali la Pili kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa."

Kwa kifaa kinachopandikizwa, ongeza gharama ya upasuaji wa kukitoa mgonjwa akitaka au kikiharibika. Kwa EEG ya kuvaliwa, mzigo ni mwepesi zaidi, lakini upo: mtoto aliyegunduliwa kuwa na kifafa wakati wa utafiti anahitaji dawa kila siku kwa miaka, si kipimo tu. Ubia unaogundua ugonjwa bila kuhakikisha dawa inapatikana umemwongezea mzazi wasiwasi bila kumpunguzia mzigo.

Tahadhari: neno "kadiri itakavyowezekana" likiingia katika kifungu hiki, kifungu kimekufa. Likatae.

Hatua ya 6: Panga vibali kwa mfuatano

Anza na kamati ya maadili ya taasisi yako, kisha nenda ngazi ya taifa. Tanzania Bara kibali cha maadili cha taifa hutolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, watafiti wa kigeni huhitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kifaa chenyewe huangukia mikononi mwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba iliyochukua jina hilo mwaka 2019. Zanzibar ina mamlaka zake za utafiti wa afya na za udhibiti, kwa hiyo kibali cha Bara hakikuvushi bahari. Kenya utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, na idhini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Uganda utajisajili UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia, na kuwasiliana na NDA, mamlaka ya taifa ya dawa. Wasiliana na mdhibiti mapema, kwa barua inayoeleza kifaa kinafanya nini na kinagusa mwili namna gani, kwa sababu majibu yake ndiyo yanayoamua daraja la hatari la kifaa na wingi wa ushahidi utakaotakiwa.

Data za ubongo zina sheria zake pia. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika mwaka 2023. Kabla ya kutuma rekodi za EEG au sampuli nje ya nchi, muwe na mkataba wa kuhamisha data au sampuli. Soma pia masharti ya kibali cha NIMR kuhusu kuchapisha matokeo, kwa kuwa huomba idhini kabla ya makala kutoka.

Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na kwa lugha ya wenyeji inapobidi, na ijaribiwe kwa watu wasio wasomi wa tiba. Mwombe mzazi akueleze kwa maneno yake alichokisoma. Akisema "mnataka kusoma mawazo ya mtoto wangu," fomu bado haijawa tayari: mweleze kwamba EEG hurekodi mawimbi ya umeme na haisomi mawazo, kisha andika hivyo ndani ya fomu.

Hatua ya 7: Jenga bajeti, usajili na mzigo wa forodha

Kwa fedha za serikali ya Marekani zinazokuja moja kwa moja kwenu, taasisi yako lazima iwe na namba ya utambulisho ya UEI na usajili hai katika SAM, mfumo wa kusajili wanaopokea fedha za serikali hiyo. Kazi hiyo ianze mapema, kwa sababu jina la taasisi likitofautiana hata kidogo kati ya cheti na anwani, usajili hurudishwa.

Usiweke ubia wote juu ya mfadhili mmoja. Mwaka 2025 NIH ilisitisha utaratibu wa zamani wa taasisi ya Marekani kupokea ruzuku na kuigawia taasisi ya nje, ikisema itaunda muundo mpya. Miradi iliyotegemea njia hiyo tu ilibaki kusubiri. Tafuta angalau chanzo cha pili, hata kiwe kidogo, cha kulipa mishahara ya wauguzi na dawa za washiriki.

Ndani ya bajeti weka mistari ambayo watu husahau: jeli na elektrodi (vipokezi vya umeme vinavyowekwa kichwani) za kubadilisha, betri, kidhibiti umeme, mafunzo ya fundi, kodi, wakala wa forodha na bima. Kifaa kisipakiwe ndegeni kabla kibali cha kukiingiza na barua ya msamaha wa kodi, kama mnastahili, havijawa mkononi. Gharama za kuhifadhi mzigo bandarini au uwanja wa ndege hukua kila siku, na hakuna mfadhili anayependa kuzilipa.

Hatua ya 8: Kiundeni na kukijaribu mahali kitakapotumika

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, kimeonyesha namna ya kufanya jambo hili. Kwa ushirikiano na wataalamu wa Uholanzi na Marekani, vipande vyote vya mashine ya MRI (ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku) yenye sumaku dhaifu, ya takriban militesla 50, vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi pamoja na zana za kuviunganishia. Wakufunzi wanne na watu sita ambao hawakuwa na mafunzo ya kazi hiyo waliipanga sumaku pete kwa pete, pete 23 kwa jumla, wakatengeneza koili na kigari cha alumini, na kuanzia mzigo kupokelewa hadi picha ya kwanza zilipita takriban siku 11. Aliyeiunganisha mashine kwa mikono yake anajua skrubu ipi hulegea. Fundi aliyekabidhiwa sanduku lililofungwa hubaki akisubiri barua pepe. Dai utaratibu huu katika mkataba: zana zije pamoja na kifaa na zibaki.

Kwa EEG, jaribio la kwanza mahali husika litakuonyesha mambo mawili ambayo maabara ya nje haiyaoni. La kwanza ni nywele. Mfumo wa kawaida wa kupanga elektrodi unataka kila elektrodi iguse ngozi ya kichwa mahali palipopimwa, na kofia nyingi zilibuniwa kwa nywele laini zilizolala. Kwenye nywele nzito za kipilipili elektrodi hunyanyuka, mguso unakuwa hafifu na mtafiti asiye mwangalifu humwondoa mshiriki huyo katika data. Kumnyoa mtoto wa kike si suluhisho. Ajirini msusi kwa siku za vipimo. Mstari wa twende kilioni ukipitishwa kwenye alama zilizopimwa huacha ngozi wazi hasa pale elektrodi inapotakiwa kukaa. Utaratibu huo uandikwe katika itifaki, na malipo ya msusi yaingie katika bajeti.

La pili ni umeme. Mawimbi ya ubongo yanayofika kwenye ngozi ya kichwa ni ya makumi ya mikrovolti tu, ilhali soketi ya ukutani ina volti 230 hadi 240 zinazotetema mara 50 kwa sekunde. Kifaa kilichotoka Marekani huenda kichujio chake kimepangwa kwa hezi 60. Panga upya kichujio hicho kwa hezi 50 kabla ya kumpima mtu.

Hatua ya 9: Fungua jalada la ubora siku ya kwanza

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kifaa tiba kisicho na jalada hakitauzwa popote. Viwango vya msingi ni ISO 13485 kwa mfumo wa ubora, ISO 14971 kwa usimamizi wa hatari, IEC 60601-1 kwa usalama wa umeme na IEC 62304 kwa programu. Hamhitaji cheti mwanzoni. Mnachohitaji ni mazoea ya kuandika kila badiliko la muundo, sababu yake, aliyeliidhinisha na tarehe. Kazi hii akabidhiwe mtu mmoja kwa jina.

Mambo yakikwama

*Mbia wa nje hajibu.* Angalia kwanza kama barua imefika ofisi ya mikataba ya chuo chake. Mara nyingi mtafiti anataka, lakini ofisi hiyo ndiyo iliyokalia rasimu. Omba jina la ofisa anayeishughulikia na uwakutanishe wanasheria wa pande zote mbili kwa simu.

*Kamati ya maadili imerudisha andiko.* Jibu kila hoja kwa namba yake, ukionyesha ukurasa uliorekebishwa. Usibishane kwa barua ndefu. Hoja zinazorudi sana ni fidia ya mshiriki atakayeumia, umiliki wa data na huduma baada ya utafiti. Kama Hatua ya 4 na ya 5 zilifanyika vizuri, majibu yote matatu unayo tayari.

*Rekodi zimejaa kelele.* Zima taa za mirija na chaja za simu chumbani, pima waya wa ardhini, endesha kifaa kwa betri na ulinganishe. Kelele zikitoweka kwa betri, tatizo ni la jengo. Zikibaki kwenye elektrodi moja, safisha ngozi na uongeze jeli. Zikibaki kote, kagua elektrodi ya rejea na kichujio.

*Mtafiti mkuu amehama taasisi.* Mkataba ni wa taasisi, kwa hiyo wagonjwa, kifaa na data hubaki. Teua kaimu ndani ya wiki hiyo, na uijulishe kamati ya maadili na mfadhili kwa maandishi.

*Mbia anataka data zote zikae kwake.* Pendekeza nakala kamili ibaki kwenye seva ya hapa, naye apewe data zilizoondolewa majina kwa ajili ya uchambuzi uliokubaliwa. Akikataa hata hilo, simamisha uandikishaji wa washiriki wapya hadi mkubaliane.

*Mfadhili amejitoa katikati.* Siku hiyohiyo acha kuandikisha washiriki wapya, lakini usikatishe huduma kwa waliokwisha kuingia. Itumie akaunti ya kifungu cha baada ya mradi kununua dawa na vipuri, iarifu kamati ya maadili na mdhibiti, kisha mpigie simu kila mshiriki, au mzazi wake, umweleze nini kimebadilika, kliniki ipi itampokea na jina la muuguzi atakayemtafuta akifika. Barua yenye maelezo hayohayo, kwa Kiswahili, iwekwe katika jalada lake hospitalini.